Chumvi ya Tayebali

Bwana Tayebali, mwenye studio ya picha pale Kuze, alikuwa mtu wa kujicheka. Si kwamba alizaliwa hivyo. Mpaka anatimiza miaka arobaini na miwili alikuwa mtu wa kucheka wengine, na karibu Mombasa nzima alikwisha kuicheka, hadi Jumapili moja ya mwaka 1948 chumvi ilipomtia adabu. Tangu siku hiyo kisa chenyewe alikisimulia kwa kinywa chake, kwa kila mteja aliyekaa kitini kungoja taa ziwekwe sawa, na kila alipokisimulia alijipunguzia akili kidogo. Sisi tutakieleza kwa kiasi cha akili alichokuwa nacho kweli, ambacho nacho hakikuwa kingi.

Chanzo chake ni hewa ya mji. Mombasa picha haizeeki, huoza. Mtu akipigwa picha ya harusi leo, akaitundika ukutani, baada ya miaka kumi bwana harusi amekuwa rangi ya chai ya maziwa na bibi harusi hana pua. Wateja walikuwa wakizirudisha picha hizo dukani na kumtazama Tayebali kana kwamba pua ameichukua yeye. Akatafuta dawa. Katika jarida moja la wapiga picha akasoma habari za chumvi iitwayo selenaiti ya sodiamu: ukiichanganya na salfaiti na dawa ya kugandishia picha, kisha ukaichovya humo, fedha iliyo ndani ya karatasi hushikana na seleniamu ikawa kitu kingine kabisa, kitu ambacho unyevu hauwezi kukila. Na juu ya hayo picha hupata rangi ya hudhurungi yenye zambarau kwa mbali, rangi ya kitajiri.

Akaagiza Bombay. Ikaja chupa moja ya kioo kizito, ndani yake unga mweupe, na juu yake karatasi yenye fuvu la kichwa na mifupa miwili. Ilikuja na maelezo pia. Kidogo tu cha unga huu, yalisema, chaweza kuua. Usile wala usivute sigara karibu nao. Nawa mikono. Dalili za aliyedhurika ni kichefuchefu, kichwa kuuma, na pumzi kunuka kitunguu saumu hali hakukila. Tayebali aliyasoma maelezo hayo kwa sauti ya khatibu mbele ya msaidizi wake Kaingu, kisha akaitia rangi picha ya kwanza. Ilikuwa picha yake mwenyewe, bila shaka. Ikatoka nzuri ajabu, akaitundika dirishani.

Kaingu alikuwa mtu wa Kaloleni, umri wake karibu na hamsini, mfanyakazi wa chumba cha giza cha kuoshea picha. Wakati wa vita alifanya kazi ya kuosha chupa katika hospitali ya askari. Kusoma hakujua sana, lakini fuvu alilisoma bila miwani. Kwa siku alisema maneno yasiyozidi kumi, na Tayebali alidhani ni kwa sababu hana mengine.

Basi mvua za masika zikaanza, na ule unga ukaanza kushika unyevu na kugandana chupani. Hapo ndipo elimu ya Tayebali ilipong'aa. Kila mama wa pwani anajua kuwa chumvi ya jikoni hutiwa punje za mchele ili mchele unywe maji na chumvi ibaki kavu. Na hii si chumvi pia? Akauhamisha unga wote kutoka chupani akautia katika kopo la sigara lenye kifuniko cha kubana, akatia na punje ishirini za mchele. Akajipongeza. Kopo akaliweka rafuni, kando ya kopo jingine la sigara za aina ile ile, nalo lina chumvi ya kulia, nalo lina mchele. Hilo la pili alikuwa nalo kazini kwa sababu yeye ni Bohora, na Bohora hali chakula kabla hajaonja chumvi. Wazee wao walisema kuonja chumvi kwanza huzuia maradhi sabini na zaidi, na Tayebali chakula cha mchana alikula studioni.

Kaingu akayatazama makopo mawili kwa muda mrefu. Siku ya pili, kopo la sumu lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu.

"Hiki nini?" Tayebali akauliza.

"Alama, Bwana. Mato yapate kuona."

"Kaingu, hapa ni mahali pa sayansi. Hirizi tuwaachie waganga." Akalivuta kopo, akakikwanyua kitambaa, na kwa ule ushujaa kopo likamponyoka, likagonga sakafu kwa ubavu. Lilipookotwa lilikuwa na kishimo. "Haya, sasa lina alama," akasema. "Kopo lenye kishimo ni la sumu. Nani atasahau?"

Kaingu akakikunja kitambaa chake akakitia mfukoni.

Kuanzia juma lile Tayebali akazitia rangi picha zote za wateja, na kila mteja alihubiriwa. "Itazame kwa ubavu. Unaiona zambarau? Macho ya kawaida hayaioni mara moja." Wateja walitazama kwa ubavu, wakasema wanaiona, wakalipa. Yeye naye aliiona. Akaanza hata kusikia harufu ya kitunguu saumu katika pumzi yake, akajionea huruma kama mtu anayejitoa mhanga kwa ajili ya elimu. Shangazi yake Mehrunnisa, aliyekuwa akimtunzia nyumba ghorofani, alimkumbusha kwamba kila siku anakula chatini ya kitunguu saumu. Hakusadiki.

Mteja mmoja tu ndiye aliyekataa kuona. Naye alikuwa Khairunnisa, mjane, dada yake Najmuddin muuza vifaa vya ujenzi karibu na Marikiti. Alikuja kuchukua picha yake, akaishika, akaitazama ile ya Tayebali dirishani, akarudi kuitazama yake.

"Ile yako ina rangi," akasema. "Hii yangu nyeusi."

"Ina rangi, Khairunnisa bai. Itazame kwa ubavu."

"Nimeitazama kwa ubavu. Kwa ubavu pia ni nyeusi."

"Macho ya wanawake," akasema Tayebali kwa upole wa mwalimu, "hayajazoea."

Khairunnisa akalipa, akaichukua picha yake, na mlangoni akageuka. "Nimesuka nyuzi za zari miaka kumi na mitano, Bhai Tayebali. Rangi naijua." Akaenda zake.

Tayebali alikuwa mjane pia, mwaka wa sita sasa. Tangu mkewe afariki hakuna aliyembishia nyumbani wala kazini, na yeye alidhani hiyo ndiyo raha. Siku ile akagundua siyo. Alikaa akiutazama ule mlango hadi jioni, na juma lililofuata alimpigia magoti shangazi yake aende kumposea. Fui Mehrunnisa, maana ndivyo alivyomwita, alikwenda. Jibu likarudi kwamba Najmuddin na dada yake watakuja kula chakula cha mchana Jumapili, na baada ya chakula, mbele ya watu, Khairunnisa atasema mwenyewe ndiyo au la.

Jumapili hiyo Tayebali aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Kofia ya zari, kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, atari nyuma ya masikio. Kaingu aliombwa kuja kusaidia kubeba masinia. Wageni walipofika, Khairunnisa alipelekwa chumba cha ndani pamoja na Fui, ambako waliandaliwa sinia lao. Najmuddin, pande la mtu lenye kicheko cha kutikisa vikombe, akaketishwa sebuleni mbele ya sinia la wanaume. Wakamiminiwa maji, wakanawa. Na hapo Fui akatoa kichwa kwenye pazia, uso umempauka.

"Tayebali, chumvi!"

Kumbe chumvi yote ya nyumba imekwenda kwenye biriani. Haikusalia hata chembe, na pasipo chumvi hakuna mkono utakaoingia siniani. Tayebali akacheka kicheko cha mwenye nyumba asiyebabaika, akashuka ngazi mbio hadi studio, akaingia chumba cha giza bila kuwasha taa, maana rafu zake, alizoea kusema, anazijua kama meno yake. Akashika kopo, akalitikisa, akasikia mchele ukilia ndani. Akapanda nalo.

Chumvi akaimimina katika kibakuli cha fedha. Kama ada ilivyo, mwenye nyumba ndiye huwapa wageni. Najmuddin akachovya ncha ya kidole, akasema Bismillahi, akalamba. Tayebali akalamba. Kibakuli kikapita nyuma ya pazia, na akasikia sauti ya Fui, "Bismillahi," kisha sauti nyingine, ya chini zaidi, "Bismillahi."

Aliuinua mkono kulisogeza kopo kando. Jua la dirishani lilikuwa limeliangukia. Ubavuni mwake palikuwa na kishimo.

Tayebali hakusikia tena alichokuwa akisema Najmuddin. Aliona mdomo wake ukienda, unasifu harufu ya biriani. Katika kichwa chake mlikuwa mmebaki maneno manne tu ya ile karatasi ya Bombay: kidogo tu chaweza kuua. Akaogopa. Akaogopa kwa ajili ya yule mwanamke nyuma ya pazia. Na hapo hapo, kwa aibu yake ya milele, akaogopa pia kwa ajili ya posa. Aliwaza hivi: nikishuka kimya kimya nikaipima, dakika tano tu, huenda siyo, na hakuna atakayejua.

"Nakuja, Bhai Najmuddin. Nimesahau kitu."

Alishuka ngazi tatu. Sehemu hii alipoisimulia baadaye, wengine walimwambia aseme alishuka moja. Alikataa. Zilikuwa tatu, na kwenye ya tatu alimsikia Khairunnisa akicheka kwa jambo aliloambiwa na Fui. Akageuka, akapanda zile tatu kwa hatua moja, akasimama katikati ya sebule, kofia imemkaa upande.

"Msile! Chumvi niliyowapa ni sumu! Mimi ndiye niliyewapa! Tapikeni!"

Kisha Najmuddin, ambaye kidole kilikuwa tayari kwenye kitu kitamu kinachofuata chumvi, akaruka juu kwa wepesi usiotarajiwa wa mwili ule, akakimbilia uwani na kidole kimezama kooni. Sauti zake zilifika hadi kwa jirani. Fui akatoka akilia, akasema mtu aliyekula sumu hupewa maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi, leteni chumvi. Wote wakamtazama. Akanyamaza mwenyewe.

Pazia likafunguka. Khairunnisa amejitanda mtandio wake, mkono umeshika ukingo wa mlango, uso umekaza.

"Sumu gani?"

"Ile ya kutia picha rangi," Tayebali akasema. "Niliitia kwenye kopo la sigara. Na mchele."

"Na mchele?"

"Isishike maji."

Alimtazama kidogo. "Una hakika ndiyo tuliyoila?"

"Kopo lina kishimo."

"Yaweza kupimwa?"

"Yaweza. Dakika tano."

"Basi pima. Fui, mtume mtu kwa daktari, asingojee. Sisi tushuke."

Wakashuka. Najmuddin alishuka mwisho, anayumba, ndevu zimelowa, akajitupa kwenye kile kiti cha kupigia picha, akaanza kuusia mali zake. Kaingu alikuwa tayari katika chumba cha giza, amewasha taa. Alitaka kusema jambo. "Bwana," akaanza.

"Si sasa, Kaingu! Bilauri!"

Tayebali akaitia chumvi ya kibakuli katika bilauri ya maji, akaongeza salfaiti, kisha matone ya asidi ya siki. Harufu ya kibiriti ikawapanda puani wote wakakohoa. Aliwaeleza huku anakohoa, kwa sababu hata akifa Tayebali lazima aeleze: kama humu mna selenaiti, asidi na salfaiti zitaivua oksijeni, na seleniamu iliyobaki itajitenga, na maji yatakuwa mekundu kama vumbi la tofali.

Wakangoja. Najmuddin alikuwa amefika kwenye mgawo wa duka. Maji yakabaki meupe, safi kabisa.

"Si mekundu," akasema Khairunnisa.

"Basi nilikosea kopo!" Tayebali akapiga kelele. "Alhamdulillahi! Hii ni chumvi ya kulia! Sumu ni lile jingine!" Na ili wamwamini, akachota kutoka kopo la pili, lisilo na kishimo, akalipima vile vile.

Maji yakabaki meupe.

Tayebali akaitazama bilauri moja, akaitazama ya pili. Furaha ikamtoka usoni. "Dawa zangu za kupimia zimeharibika," akasema polepole. "Hazipimi. Hatujui lolote." Na safari hii alimwangalia Khairunnisa bila kuficha kitu. "Nisamehe. Nimekuua kwa ujuaji wangu."

"Bwana," akasema Kaingu.

"Nini, Kaingu?"

Kaingu akavuta kigoda, akapanda, akapeleka mkono juu kabisa ya kabati, nyuma ya masanduku ya vioo vya zamani. Akashuka na chupa nzito yenye fuvu na mifupa miwili. Shingoni imefungwa kitambaa chekundu. Akaiweka mezani taratibu, akachukua kijiti, akachota chembe kama kichwa cha kiberiti, akaitia katika bilauri ya tatu. Tayebali, bila kuambiwa, akatia salfaiti na asidi.

Kwanza maji yakawa ya manjano. Kisha ya rangi ya chungwa. Kisha wekundu ukaenea, ukatanda, ukaanza kutua chini kama vumbi la tofali.

"Ile siku ulipong'oa kitambaa," Kaingu akasema, na hapa alisema maneno mengi kuliko mwezi mzima, "nalingoja mpaka ukapanda kula cha jioni. Nikairudisha sumu chupani mwake, mchele nikautupa baharini. Kopo nikaliosha mara saba. Nikatia chumvi ya Marikiti, na mchele mpya, usijue."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nalikwambia. Kwa kitambaa." Akafuta mikono. "Na nalikuona, Bwana, ukilamba brashi."

Tayebali akaitazama ile brashi nyembamba ya kurekebishia picha, iliyokaa mezani. Ni kweli. Kila anayerekebisha picha kwa brashi hulamba ncha yake ipate kuchongoka, na yeye aliilamba mara mia kwa siku, kwa vidole vilivyotoka kwenye kopo. Kwa majuma matatu Kaingu alikuwa amesimama kati yake na kaburi, na yeye alikuwa akimfundisha usalama. Aliushika mkono wa Kaingu kwa mikono yake miwili.

Khairunnisa akaitazama bilauri nyekundu. "Kwa hiyo majuma matatu haya," akasema, "picha za watu ulikuwa ukizitia rangi kwa chumvi ya Marikiti."

Tayebali hakuwa amelifikia jambo hilo. Sasa likamfikia. Harusi nne, familia mbili za Kuze, sheha mmoja, na zambarau ile aliyoiona kwa ubavu.

"Ndiyo," akasema.

"Na yangu ni nyeusi."

"Ni nyeusi."

"Kama nilivyosema."

"Kama ulivyosema. Na kitunguu saumu ni chatini."

Hapo Tayebali akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni na kofia yake ya zari, na ilikuwa mara ya kwanza katika umri wake kujicheka, kwa hiyo hakujua mahali pa kusimamia. Kaingu akatazama kando kwa adabu, mabega yanamtikisika. Najmuddin, aliyekuwa amekwisha kugawa duka na nusu ya nyumba, akaketi sawa kitini.

"Yaani sifi?"

"Hufi, Bhai."

"Na tumbo langu tupu, na biriani inapoa juu?"

Daktari alipofika aliwakuta wote wanne wakila, akatazama mboni za macho yao, akaalikwa, akala. Lakini kabla ya hapo chumvi ilionjwa upya, na Khairunnisa alisema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyosikika na kila mtu, kwamba safari hii ailete Kaingu.

Baada ya chakula watu walingoja jibu. Khairunnisa alisema leo amekwisha kufa mara moja, na hilo latosha kwa siku moja. Jibu atalipeleka. Tayebali akawasindikiza hadi mlangoni akiwa hana matumaini hata ya kujaza kijiko. Usiku hakulala, na siku ya Jumatatu aliandika tangazo kwa mkono wake, akalibandika dirishani chini ya picha yake: wateja wa majuma matatu yaliyopita warudishe picha zao, zitatiwa rangi bure, kwani mwenye studio aliona kisichokuwapo. Watu walipanga mstari kulisoma. Wengine walirudi mara mbili.

Jumanne asubuhi Najmuddin alipita, akaweka bahasha mezani, akaondoka haraka kama mtu asiyetaka kualikwa chai. Ndani mlikuwa na picha ya Khairunnisa, na kipande cha karatasi. Tayebali alikisoma amesimama, akakisoma tena ameketi, kisha akamsomea Kaingu.

"Itie rangi ya kweli. Nitakuja mwenyewe kuichukua, na nikija sirudi kwa kaka yangu. Kitambaa kisifunguliwe."

Kaingu aliitikia kwa kichwa, akaenda kuiteremsha chupa. Tayebali, macho yamemlowa, alitaka kwanza kuondoa doa dogo lililokuwa kwenye shavu la picha. Akaichukua brashi nyembamba, akaipeleka mdomoni.

Kaingu akakohoa.

Tayebali akaiteremsha brashi, akaichovya kwenye kikombe cha maji.